Sale Lisilorudishwa

1

Mpaka wa Aikande Kiwelu ulianza kugeuka manjano Jumanne asubuhi, mimi nikiwa nakunywa uji.

Kwanza nilidhani kioo cha ramani kimechafuka. Nikakifuta kwa ncha ya kanga, nikakitazama tena. Shamba namba sabini na nane, pembe ya kaskazini, manjano. Mashamba mengine mia moja na kumi na tatu yalikuwa kijani kama nilivyoyaacha jana yake. Chini ya ramani yalikuwa yamejitokeza maneno ambayo sikuwahi kuyaona tangu mpango wa kugawa ardhi wa Kilangi uanze: MWENYEWE ANARUDISHA ARDHI. SIKU SABA.

Uji niliuacha hapohapo. Nilipanda pikipiki, nikapita langoni penye lile bango ninalolipenda kuliko picha yangu ya harusi, ARDHI HII HAITOLEWI KWA MKONO WA AFISA WALA HAICHUKULIWI KWA MKONO WA AFISA, nikashika njia ya mfereji mkuu mpaka sabini na nane.

Nilimkuta Aikande anapalilia maharage huku akiimba wimbo wa kanisani. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Miezi minne kabla ya siku ile alikuwa akiishi na watoto wanne juu mlimani, Kirwamu, kwenye kihamba cha migomba kumi na saba. Kihamba ndilo shamba la ukoo la Wachagga. Baba huwagawia wanawe, wana huwagawia wajukuu, mpaka siku moja mtu anarithi nafasi ya kuanikia nguo. Aikande alikuwa amefikia hapo. Sasa alikuwa na ekari tatu za tambarare, sehemu ya shamba la kampuni ya maua ambayo serikali iliilipa fidia na kuiaga kwa heshima zote, na maharage yake yalikuwa yamemfika magotini.

"Mama Elinami," nilimwambia, hata salamu sikutoa, "umefanya nini?"

"Shimbonyi na wewe pia, Mama Mpimaji. Mimi napalilia. Umekula?"

"Unarudisha shamba?"

Akasimamisha jembe. "Nani anarudisha shamba? Mimi? Nirudishe nikale nini?"

Nilimshika mkono nikampeleka pembe ya kaskazini. Sale, ule mmea wa mpakani, la pembe ile lilikuwa halina kichwa. Mtu alikuwa amelikata kwa usafi, kwa kisu kikali, na majani ya chini yaliyobaki yalikuwa yameanza kupauka.

"Nani amelikata hili?"

"Mimi," alisema, bila hata kupepesa macho. "Jana jioni. Nilikuwa na shida nalo."

"Shida gani?"

"Ya kumwomba mtu msamaha."

Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu ukimkosea mtu unakwenda na watu wazima wawili, mnakaa, mnaongea mpaka koo zinakauka. Masale niliyajua kama mimea ya mpaka tu, basi. Aikande aliponiona nimetoa macho, alinielewesha polepole. Kwao, alisema, ukimkosea mtu unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Anayeletewa hawezi kukataa. Hata kama ulimvunjia nyumba, akishaliona sale, hasira inabidi aiweke chini.

"Zamani tulikuwa tunayakata popote," alisema. "Lakini huko juu yalikauka yote kwenye ile miaka mitatu ya ukame. Nikaona haya ya serikali, mazuri, yamenona. Nikasema nitachukua kichwa kimoja tu, kitaota kingine. Nimekosea?"

Nilikaa chini kwenye maharage yake.

2

Acha niyaeleze masale haya, maana bila kuyaelewa utadhani sisi sote ni wendawazimu.

Kila shamba la Kilangi lina pembe nne, na kila pembe ina sale. Wachagga wamekuwa wakiweka mipaka kwa mmea huu wa majani marefu tangu kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya ardhi, na wahandisi wa Morogoro, kwa akili ambayo mpaka leo inanishangaza, waliuchukua wakauongezea hisi. Siku ya kugawiwa, mwenye shamba hulowesha kiganja, hulishika shina bichi mpaka utomvu uujue mkono wake, kisha hulichomeka ardhini. Ndani ya siku tatu limeota. Mizizi ya pembe nne hutafutana chini kwa chini na kupeana habari, na habari zile hupanda hadi kwenye mnara wetu wa kilimani. Hati haipo, na mhuri haupo. Hakuna karatasi ya kughushi wala kabati la kuvunja.

Anayetaka kuliacha shamba hukata kichwa cha sale kwa mkono wake mwenyewe. Mmea huutambua mkono ule. Mkono wa mtu mwingine ukikata, mmea haujali hata kidogo. Lakini mwenyewe akikata, mmea huanza kupauka, hungoja siku saba asije akajuta, halafu shamba linakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya wenye shida. Akijuta, kanuni ya kumi na tisa inamruhusu: kipande kilekile kikirudishwa palepale kabla ya siku saba, kikaota, kinahesabika hakikuondoka.

Naupenda mpango huu kwa sababu yangu. Baba yangu alikuwa na mikorosho mia mbili. Siku moja alikuja afisa na mhuri, na jioni ya siku hiyohiyo mikorosho ilikuwa ya mtu mwingine ambaye hatukuwahi kumwona. Baba aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na kila siku ya miaka hiyo aliuliza ni mhuri gani ule. Kwa hiyo niliposikia kuna mahali serikali inanunua ardhi ya matajiri na kuwapa watu wasio na pa kulima, na afisa mwenyewe hawezi kuigusa hata akitaka, niliomba kazi siku hiyohiyo. Nimeona akina mama wakilala kifudifudi kwenye udongo wao wa kwanza wakiunusa. Sijawahi kuona serikali ikifanya jambo zuri kuliko hilo, na nalisema bila aibu.

Sasa mtambo huo mzuri ulikuwa unamnyang'anya ardhi mwanamke kwa kosa la kuomba msamaha.

"Kile kichwa cha sale kiko wapi?" nilimuuliza Aikande. "Kilete tukichomeke, yaishe."

"Sinacho. Nimempa shemeji Eliringia."

"Basi kamwombe akurudishie."

Alinitazama kama nimemwambia aende kanisani uchi. "Mama Mpimaji. Nilisimama kwenye mfongo, siku ya kusafisha mfereji, ukoo mzima upo. Nikamwambia alifurahi mdogo wake alipokufa. Mume wangu! Nikamwambia alikuwa anasubiri kile kipande cha migomba tisa. Na yeye ndiye aliyemwosha marehemu kwa mikono yake. Miaka sita hatukusalimiana. Jana nimempelekea sale, akalipokea, akalia, nikalia. Leo niende nikaseme naomba nirudishie? Anayerudi kulichukua sale lake anasema hakuomba msamaha. Heri nirudi kwenye migomba kumi na saba."

"Na watoto?"

Alilichukua jembe akaendelea kupalilia shamba lililobakiwa na siku saba, safari hii bila kuimba.

3

Ofisini nilifungua orodha ya wanaosubiri. Jina la kwanza lilinifanya nicheke, kicheko kibaya kisicho na furaha: Eliringia Kiwelu.

Nilikumbuka. Orodha hupangwa kwa udogo wa kihamba, na mwaka ule mashamba yalikuwa mia moja na kumi na manne. Eliringia alikuwa mtu wa mia moja na kumi na tano. Kilichomkosesha ni kile kipande cha migomba tisa alichogombania na Aikande. Kipande hicho ndicho kilichokifanya kihamba chake kiwe kikubwa kwa hatua tatu. Na mnara, ambao haujui kusubiri, ulikuwa umeshamtumia ujumbe kwenye simu: jiandae, shamba namba sabini na nane litakuwa lako Jumanne ijayo saa moja asubuhi.

Nilimpigia Mhandisi Ruhinda, Morogoro. Ndiye aliyeyapa masale hisi, mzee mpole wa Kihaya anayeongea taratibu kama anahesabu punje za kahawa. Nilimweleza yote.

"Hakuna aliyetuambia habari za msamaha," alisema.

"Mliuliza?"

"Tuliuliza juu ya mipaka."

"Mhandisi, mliujua nusu ya mmea."

"Kweli kabisa. Nusu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Naweza kubadilisha kanuni, lakini lazima ipite kwenye baraza, na baraza linakaa mwezi ujao. Kwa wiki hii hakuna kitu." Akakohoa. "Ipo ile glavu."

Nilijua anakoelekea. Kila mpimaji mkuu ana glavu moja ndani ya sanduku la chuma, iliyoshonwa kwa nyuzi za mizizi. Mkono uliovaa glavu hiyo masale yote huutii, ya shamba lolote. Iliwekwa kwa ajili ya moto na mafuriko, pale mpaka unapochukuliwa na maji na wenyewe wamekufa.

"Ukiivaa ukaligusa lile sale dakika moja tu, litarudi kijani," alisema Ruhinda. "Itaandikwa mafuriko. Nani atakuuliza?"

"Unaniambia niivae?"

"Nakuambia ipo. Mimi nimetengeneza kosa hili, Stamili, na sijui la kufanya."

Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Wakubwa wengi ningewasikia wakinilaumu mimi.

Niliitoa glavu kwenye sanduku. Ilikuwa nyepesi, ya kahawia, ikinuka udongo wa mvua. Niliiweka mezani nikakaa mbele yake mchana mzima. Nilijua kabisa nani ana haki. Mtoto wa darasa la pili angejua. Kwa nini basi nisiivae? Kwa sababu yule afisa wa mikorosho, siku ile, huenda naye alijua kabisa nani ana haki. Nikiivaa leo kwa huruma, kesho mpimaji mwingine ataivaa kwa sababu yake anayoiona nzuri vilevile, na bango la langoni litakuwa rangi tu juu ya bati. Watu mia moja na kumi na wanne walilala kwa amani Kilangi kwa sababu moja: hakuna mkono kama huo.

Nilirudisha glavu sandukuni, nikafunga. Nilijichukia kwa kuirudisha. Ningejichukia pia kwa kuivaa, kwa hiyo siku ile nilikuwa nimeshapangiwa chuki tangu asubuhi.

4

Kanuni zinasema mpimaji lazima amtembelee anayepokea shamba, amsomee masharti, amuulize kama anakubali. Alhamisi nilipanda Kirwamu.

Kihamba cha Eliringia kilikuwa safi kama sebule. Chini ya migomba kulikuwa na kahawa, chini ya kahawa magimbi, na katikati nyumba tatu zilizobanana mpaka mlango wa moja haufunguki kama wa nyingine uko wazi. Anaishi hapo na mkewe na wana watatu waliooa. Mwana wa mwisho amehamia jikoni na mkewe na mtoto mchanga, wanalala kando ya mafiga.

Eliringia ni mtu mrefu aliyeinama kidogo, mwenye tabia ya kukuangalia mikono badala ya uso. Alinipa kiti, mkewe akaniletea ndizi na nyama. Dirishani kulikuwa na kopo la maziwa lenye maji, na ndani yake lilisimama sale la Aikande, na fundo lake. Kichwa kilikuwa kimekatwa pamoja na kipande cha shina, na kutoka kwenye shina lile vilikuwa vimeshachomoza vizizi vyeupe. Masale ya maabara hayana subira.

"Nililiweka hapo nilione nikiamka," alisema alipoona naliangalia. "Miaka sita nilikuwa nikiamka na maneno ya yule mama. Sasa naamka na hili."

"Ujumbe wa simu umeupata, Meku?" nilimuuliza, kwa neno lao la kumwita mzee.

"Nimeupata. Wanangu wamechinja jogoo. Halafu nikauliza sabini na nane ni ya nani."

"Unajua, basi."

"Najua. Ameniletea sale, na kwa sale hilohilo mnanipa shamba lake. Aisee, Mama Mpimaji, ndiyo mnavyofanya mambo yenu?"

Nilitoa kitabu cha kanuni. Kuna kanuni ishirini na tatu, na kusema kweli hatuzisomi. Wapimaji wote tunasoma ya kwanza na ya mwisho, tunauliza umeelewa, mtu anasema nimeelewa, tunakula ndizi. Siku ile nilizisoma zote. Nilisoma ya mifereji, ya mifugo, ya makaburi. Mkewe alisinzia. Ya kumi na tisa niliisoma kwa sauti ileile niliyosomea nyingine, sikuongeza wala sikupunguza neno: kipande kilekile kikirudishwa palepale kabla ya siku saba, kikaota, kinahesabika hakikuondoka. Kisha nikasoma ya ishirini, inayosema kwamba anayepewa shamba akalikosa kwa sababu yoyote hurudi mwisho wa orodha.

Nilikuwa nimesoma kama sheria inavyotaka. Lakini nilijua ninachokifanya, na sijadai popote kwamba mikono yangu ilikuwa misafi.

Eliringia aliangalia mikono yake. "Mwisho wa orodha ni nafasi ya ngapi?"

"Mia tisa na mbili."

"Mimi nina miaka sitini na nane."

"Najua, Meku."

"Na sale siwezi kumrudishia. Hilo ulijue. Nikimpelekea mlangoni kwake nikasema chukua, nimeukataa msamaha wake. Hata akinipigia magoti siwezi. Hata wewe ukiniamuru."

"Mimi siamuru kitu," nilisema, na machozi yalikuwa karibu. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Unakubali shamba, au hukubali?"

Jikoni mtoto alianza kulia, na mwana wake akatoka nje kwa kuinama, maana mlango ule umejengwa kwa ajili ya kuku. Eliringia alimtazama kijana mpaka akanyooka.

"Andika kwamba nimesikia," aliniambia.

5

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nusu ya Kilangi ilikuwa imekusanyika sabini na nane. Hakuna aliyewaita. Wenye mashamba ya jirani walisimama mpakani, majembe begani, bila kuvuka. Masale yote manne yalikuwa yamekuwa ya rangi ya karatasi ya zamani. Aikande alikuwa amefunga vitu vyake kwenye vifurushi vinne, kimoja kwa kila mtoto, na alikuwa akiwagawia majirani maharage mabichi kwa vikapu.

"Chukueni," alikuwa akisema, "chukueni, shemeji hapendi maharage, atayang'oa."

Watu walicheka, halafu wakanyamaza ghafla, kwa kuwa shemeji alikuwa anakuja.

Alikuja peke yake, kwa miguu, kwenye njia ya mfereji. Alikuwa amevaa koti la harusi na alikuwa amekumbatia kopo la maziwa kwa mikono yote miwili, akitembea pole pole maji yasimwagike. Aikande aliliona kopo, akaliona fundo, na uso wake ukabadilika.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Shemeji, usinirudishie. Nakuomba. Shamba chukua. Hilo usinirudishie."

Eliringia alimpita. Hakumwangalia, hakumpa mkono. Alikwenda moja kwa moja pembe ya kaskazini, akapiga goti kwenye udongo na koti lake la harusi, akaanza kuchimba kwa vidole.

"Sirudishi kitu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mpakani. "Nimepewa sale, ni langu. Na sale langu nalipanda ninapotaka. Babu zetu walipopatana walipanda sale kati yao. Mimi napanda hapa."

Alilitoa kwenye kopo. Mizizi ilikuwa imeshakuwa mirefu kama kidole. Akaliweka shimoni kando ya shina la zamani, fundo likiwa bado limefungwa, akafukia, akamwagia maji ya kopo mpaka tone la mwisho. Kisha akabaki amepiga goti, mikono mapajani.

Saa moja kasoro dakika tisa. Nilikishika kioo cha ramani kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Chini ya miguu yetu, vizizi vile vyeupe vilikuwa vinatafuta. Utomvu wa kipande kile ulikuwa bado unaujua mkono wa Aikande na si mwingine. Ruhinda aliutengeneza hivyo, Mungu ambariki. Sikumpa mtu ardhi pale, na Eliringia hakumpa. Mmea ulikuwa unauliza swali moja tu: aliyeondoka amerudi?

Pembe ya mashariki ndiyo iliyoanza. Mstari mwembamba wa kijani ulipanda katikati ya jani moja, kisha jani la pili. Halafu kusini, halafu magharibi. Kwenye kioo changu manjano yalipungua, yakafifia, yakafutika. Saa moja kasoro dakika mbili.

Watu walipiga kelele ambayo waliisikia Kirwamu. Aikande hakupiga kelele. Alikwenda akapiga goti upande wa pili wa sale, mkabala na shemeji yake, na wawili hao wakakaa hivyo wakiangaliana mikono. Mimi nililia wazi mbele ya wananchi, jambo ambalo mwongozo wa watumishi unalikataza.

Simu ya Eliringia ililia mfukoni mwa koti. Aliitoa, akausoma ujumbe, akairudisha. Nilijua umeandikwa nini. Mia tisa na mbili.

6

Baraza lilikaa mwezi uliofuata. Ruhinda alisimama mbele ya wakubwa akaeleza kosa kama lake peke yake, na kanuni ikabadilishwa: sasa anayeliacha shamba anakata pembe zote nne, na jani moja ni la kuombea msamaha, mmea hauliulizi kitu. Nimeona mashirika mangapi yakikubali kukosea kwa haraka hivyo? Hakuna. Nilijivunia kuwa mtumishi wao.

Lakini kanuni mpya haikugusa orodha. Niliandika barua tatu kuhusu Eliringia, na kila mara jibu lilikuwa sahihi. Tukimpandisha mmoja kwa sababu ni mtu mwema, tutahitaji afisa wa kupima wema, na huyo afisa ataketi wapi? Ningejibu hivyohivyo kama ningekuwa wao. Sikupata usingizi mzuri kwa jibu hilo.

Basi Jumamosi moja nilikwenda kwenye kitalu cha mpango, nyuma ya ofisi, yaliko masale machanga ambayo bado hayajashikwa na mkono wa mtu. Nilikata moja, kichwa na kipande cha shina. Nikapitia kwa Aikande anifundishe fundo.

"Hilo la kufungia mbuzi," alisema akicheka, akalifungua langu. "Hivi. Zungusha, pitisha, vuta kwa upole. Unampelekea nani?"

Nilipomwambia, aliacha kucheka. Alilifunga upya mwenyewe, vizuri zaidi.

Eliringia alikuwa akipogoa kahawa. Aliponiona nakuja na sale kwenye mikono miwili, alishuka kwenye ngazi, akavua kofia.

"Nani anaomba?" aliniuliza. "Wewe au serikali?"

"Mimi nimelibeba. Inayoomba ni serikali."

"Imenikosea nini?"

"Ilikosea yenyewe, ukalipa wewe. Na siwezi kukupandisha hata nafasi moja, Meku. Bado ni mia tisa na mbili. Nimekuja mikono mitupu, na hili tu."

Aliliangalia lile fundo kwa muda. "Nikikataa?"

"Nimeambiwa huwezi."

Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Kisha akalipokea, kwa mikono yote miwili, akaingia nalo ndani. Nilimfuata. Lile kopo la maziwa lilikuwa limerudi dirishani, limejazwa maji, bila mmea ndani. Nilidhani atalitia sale humo moja kwa moja. Badala yake alitumbukiza kiganja chake majini, akakitoa kinachuruzika, akalishika lile shina bichi kwa nguvu, kama nilivyowaona mia moja na kumi na wanne wakifanya siku ya kugawiwa. Alilishika hivyo kwa muda mrefu, macho yake dirishani, mpaka utomvu ukamjua.

"Zamu yangu ikifika," alisema, akilisimamisha ndani ya kopo, "msije mkaniambia ningoje siku tatu liote."